Insha ya Mwanafunzi Iwe Yake Mwenyewe

Wazazi wengi wa mkoa wa Singida, tangu Manyoni na Itigi hata Kiomboi na Mkalama, huona fahari wamwonapo mtoto wao wa sekondari ameinama juu ya daftari akiandika insha. Fahari hiyo ni haki yao. Wako waliouza alizeti, wako waliouza kuku au gunia la vitunguu, ili mtoto apate sare, madaftari na nauli. Lakini ni wachache wanaomwuliza mtoto: Unaandika nini? Na walio wachache zaidi ni wale wanaouliza: Je, maneno hayo ni yako?

Leo twapenda kulishika swali hilo la pili, maana si dogo kama watu wanavyodhani. Insha ya fasihi, ya historia, ya falsafa au ya mambo ya jamii si kazi ya kujaza kurasa. Ni mahali ambapo kijana, pengine kwa mara ya kwanza katika maisha yake, anatakiwa kusema: Hivi ndivyo ninavyoona, na sababu zangu ni hizi. Kijana asiyejifunza kusema hivyo akiwa shuleni, atajifunzia wapi? Kesho ataitwa kwenye baraza la kijiji, kwenye mkutano wa ushirika, kwenye kikao cha ukoo, naye atanyamaza, au atarudia maneno ya aliyesema kwa sauti kubwa zaidi.

Neno lenyewe latufundisha. Insha ni neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ni kuanzisha, kuunda, kutunga. Mfaransa Montaigne, alipotoa kitabu chake cha insha mwaka 1580, alizipa jina lenye maana ya majaribio. Yaani mtu anajaribu akili yake juu ya jambo fulani, aone inafika wapi. Basi, kutunga na kujaribu: hayo ndiyo mambo mawili ya insha. Anayenakili hatungi wala hajaribu.

UGONJWA WENYEWE

Tuseme wazi lililopo. Wanafunzi wengi huandika insha bila kusoma kitabu wanachokiandikia. Hununua au huazima karatasi zilizotolewa nakala, ambazo wenyewe huziita madesa, na ndani yake mna kila kitu kimekwisha tafunwa: dhamira, ujumbe, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Fani na maudhui vimepangwa kama bidhaa dukani. Kijana hukariri, huandika, hupata alama, kisha husahau. Na siku hizi kimeongezeka chombo kingine, hiyo akili mnemba iliyomo katika simu, ambayo ukiiuliza swali hukuandikia insha nzima kabla maji ya chai hayajachemka.

Hatusemi kwamba vyombo hivyo ni viovu kwa asili yao. Kamusi ni chombo, redio ni chombo, na simu ni chombo. Twasema tu kwamba hakuna chombo kinachoweza kumfanyia mtu kazi ya kufikiri, akabaki yeye ndiye aliyefikiri. Wahenga walisema kwamba cha kuazima hakisitiri maungo. Insha ya kuazima husitiri maungo siku moja tu, siku ya kusahihishwa. Siku ya pili mwenyewe yu uchi.

SOMO LA FASIHI

Tuchukue mfano wa kitabu ambacho wanafunzi wengi wa nchi yetu wamekisoma, Takadini cha Ben Hanson. Ni habari ya mwanamke aitwaye Sekai, aliyengoja mtoto kwa miaka mingi, na alipomzaa, mtoto akawa na ualbino. Mila zilitaka mtoto asiishi. Mama akamchukua, akakimbia naye.

Mwanafunzi wa madesa ataandika: Dhamira ya kwanza ni mila potofu, ya pili ni mapenzi ya mama, ya tatu ni ukombozi. Si uongo. Lakini hakuna alichokiona. Mwanafunzi mwenye kufikiri atajiuliza: Kwa nini waliotaka mtoto afe walikuwa watu wa kawaida, wenye watoto wao wenyewe? Je, ni uovu uliowasukuma, au ni hofu? Na hapa kwetu, ambapo twajua kwamba watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa katika nchi hii, kijiji changu kingemfanyia nini Sekai angebisha hodi usiku na mtoto mgongoni? Akiandika jibu la swali hilo, hata kwa sentensi kumi tu, amesoma kitabu. Asipoandika, kitabu kimempita.

SOMO LA HISTORIA

Katika historia, ugonjwa ni ule ule. Mwanafunzi akiulizwa jinsi Waafrika walivyoupinga ukoloni, ataandika juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hata 1907. Ni vema, maana ni vita vikubwa. Lakini mtoto wa Singida aliyeandika Maji Maji tu, na asitaje kwamba Wanyaturu nao waliwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, amesahau nyumbani kwao. Masimulizi ya wazee yamtaja mwanamke Liti, ambaye husemwa kwamba aliwatumia nyuki dhidi ya askari wa Kijerumani. Jina lake lilipewa uwanja wa mpira mjini Singida. Vijana wengi wamepiga kelele za shangwe ndani ya uwanja huo. Ni wangapi wameandika ukurasa mmoja juu ya mwenye jina?

Na hapa mwalimu wa historia ana nafasi nzuri ya kufundisha. Amwambie mwanafunzi: Nenda kwa wazee wawili wasioishi nyumba moja, waulize habari za Liti, andika kila mmoja alivyosema. Wapi wanakubaliana? Wapi wanatofautiana? Habari za nyuki waliziona baba zao, au walizisikia tu? Hiyo ndiyo kazi ya mwanahistoria: kupima ushahidi. Asidharau masimulizi kwa kuwa hayakuandikwa, wala asiyameze yote kwa kuwa yanapendeza.

Vivyo hivyo mtoto wa Itigi na Manyoni. Huko ndiko lilikokuwa lile pori lililoogopwa na misafara, Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyanyembe. Burton na Speke walilipita mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Lakini kabla yao na baada yao walilipita wapagazi maelfu, wenye pembe za ndovu mabegani, na watumwa wenye minyororo. Baadaye ikaja reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mtoto anayesikia mlio wa garimoshi ana historia mlangoni pake. Ya nini basi kunakili historia ya mtu mwingine?

SOMO LA FALSAFA NA MAMBO YA JAMII

Wengine hudhani falsafa ni maneno magumu ya Wazungu wa kale. Twawapa mfano wa mwanafunzi mmoja wa Kitanzania, ambaye baadaye alijulikana ulimwenguni kote. Julius Nyerere alikwenda Makerere mwaka 1943. Alipokuwa huko aliyasoma mawazo ya Mwingereza John Stuart Mill, ambaye mwaka 1869 alitoa kitabu chake juu ya kutiishwa kwa wanawake. Kijana yule angaliweza kufupisha kitabu, akapata alama zake, akalala. Hakufanya hivyo. Aliandika insha, akayachukua mawazo ya Mill na kuyapima kwa maisha ya wanawake wa kwao, Wazanaki. Tukumbuke kwamba baba yake, Chifu Burito, alikuwa na wake 22, na mama yake Mugaya alikuwa mmoja wao. Alipoandika juu ya mzigo wa mwanamke, hakuandika habari za mbali.

Hapo twaona jinsi insha ya kweli inavyoundwa: wazo kubwa kutoka kitabuni, na maisha halisi kutoka nyumbani, vikutane katika akili moja iliyo tayari kuona haya na kusema kweli. Mwaka 1967, katika andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea, Nyerere alitaka shule zimpe kijana akili ya kuuliza, uwezo wa kujifunza kwa wengine bila kuwa mtumwa wao, na kujiamini. Hayo yote aliyafanyia mazoezi katika insha.

Vijana wa Singida hawakosi jambo la namna hiyo. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba katika mkoa huu karibu wanawake 3 katika kila 10, wenye umri wa miaka 15 hata 49, walikuwa wamekeketwa, ingawa sheria ya mwaka 1998 ilikwisha kukataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Kwa nini sheria imefika na desturi ikabaki? Nani anapata nini kwa desturi hiyo, na nani anaumia? Msichana wa kidato cha tatu anayeandika insha juu ya swali hilo kwa akili yake mwenyewe hafanyi mtihani tu. Anajitetea, naye anamtetea mdogo wake.

Na ili asiandike kwa hasira tupu, ajifunze njia ya Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274. Kila alipoanza swali, aliweka kwanza hoja za wale wasiokubaliana naye, tena kwa nguvu zake zote. Kisha akatoa jibu lake. Kisha akazirudia zile hoja na kuzijibu moja moja. Ni njia ya haki. Asiyeweza kueleza vizuri wazo la mpinzani wake bado hajawa tayari kulikataa.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Twajua kuna watakaosema: Mtihani hautaki mawazo ya mtoto, wataka yaliyomo kitabuni. Twajibu: mtihani hutaka hoja na mifano. Mfano aliouona mwenyewe hausahauliki chumbani mwa mtihani, uliokaririwa huruka.

Wengine watasema: Sekondari husomwa kwa Kiingereza, na mtoto hana maneno. Shida hiyo ni ya kweli, wala hatuipuuzi. Lakini dawa yake si kunakili. Mtoto aeleze jambo kwanza kwa Kinyaturu, Kinyiramba, Kigogo au Kiswahili, mpaka limkae moyoni. Ndipo alitafutie Kiingereza. Kiingereza chenye makosa kilichobeba wazo ni bora kuliko Kiingereza safi kisichobeba kitu.

Basi, wazazi wapenzi, twawaomba mambo matatu. Kwanza, mara moja kwa juma mwambieni mtoto awasomee insha yake, au awasimulie kwa lugha ya nyumbani. Hata mzazi asiyejua kusoma aweza kutambua kama mwanawe anaelewa anachosema. Pili, msikasirike mtoto akiwauliza habari za ukoo na desturi; jibuni mnalojua. Tatu, msimsifu kwa alama tu, bali msifuni kwa sababu aliyoitoa. Nanyi walimu, ingawa madarasa yamejaa na madaftari ni mengi, toeni walau swali moja kila muhula ambalo jibu lake haliwezi kununuliwa, kwa kuwa limo kijijini tu. Wenye bidii wapelekeni katika mashindano ya insha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya SADC, wakapimwe pamoja na wenzao.

Na wewe kijana, neno letu kwako ni fupi. Andika kurasa mbili zilizo zako, zenye makosa yako, kuliko kumi za mwingine. Makosa ya akili yako mwalimu aweza kuyasahihisha. Akili ambayo hukuitumia hana la kuisahihisha.