SOMO: TUITUNZE MASHINE YA KIKUNDI YA KUNYOA KONDOO



Katika somo hili tutaangalia mashine ya stima ya kunyoa kondoo. Kikundi kinaweza kuchanga miezi mingi ili kinunue mashine moja, halafu ikaungua kabla hata msimu mmoja haujaisha. Wanachama wanaanza kulaumiana, na mwishowe mchango wenyewe unakufa. Mara nyingi mashine kama hiyo haikuuawa na kazi. Iliuawa na uchafu, ukavu na kukazwa kupita kiasi. Haya matatu tunaweza kuyazuia sisi wenyewe.

KWA NINI TUNYOE?

Kondoo mwekundu wa Kimaasai ana nywele fupi, kwa hivyo haitaji mashine. Lakini maboma mengi ya Mashuuru na Kajiado yamechanganya kondoo hao na Dorper. Baadhi ya machotara wanabaki na sufi mgongoni ambayo haidondoki vizuri. Sufi hiyo hushika miiba na kuficha kupe na vidonda. Wenye kondoo wa sufi hasa wako kule kwenye baridi, kama Molo na Kinangop. Sisi tunanyoa kwa ajili ya afya ya mnyama. Pia tunasafisha manyoya kandokando ya kidonda, na nyuma ya mkia kabla kondoo hajazaa.

IJUE MASHINE YAKO

Mbele kuna vyuma viwili. Cha chini ni kitana chenye meno; hicho hakisogei. Cha juu ni kisu, nacho huenda kushoto na kulia juu ya kitana. Vinakata pamoja kama mkasi. Skrubu ya kukaza ndiyo inayovibana. Kwenye mwili wa mashine kuna matundu ya hewa ya kupoza mota.

WAKATI WA KAZI

1. Kondoo awe mkavu, na asiwe na matope. Mchanga humaliza makali haraka kuliko manyoya, na unyevu pamoja na stima ni hatari.

2. Tia mafuta kabla ya kuwasha, kisha rudia baada ya kila kondoo mmoja au wawili. Matone machache kwenye kitana na kisu yanatosha. Kama hakuna mafuta ya mashine yenyewe, mafuta mepesi ya cherehani yanafaa. Usitie mafuta ya kupikia, maana yanaganda. Oili chafu ya gari pia usitie, maana ina vumbi la chuma.

3. Kaza skrubu kidogo kidogo mpaka mashine ianze kukata vizuri, halafu acha hapo. Ikilegea sana, manyoya huingia katikati ya vyuma. Ikikazwa sana, vyuma vinasagana, vinapata moto na mota inachoka.

4. Kila mara zima mashine, kisha gusa kitana. Ukiona huwezi kuweka kidole hapo, jua hata ngozi ya kondoo inaungua. Iache ipoe.

5. Piga brashi matundu ya hewa. Yakijaa manyoya, mota haipumui.

IKIANZA KUVUTA MANYOYA

Hapa ndipo wengi tunakosea. Mashine ikivuta, mtu anashika skrubu na kukaza. Ikivuta tena, anakaza tena, mpaka inatoa harufu ya kuungua. Fuata mpango huu: kwanza safisha, pili tia mafuta, tatu kaza kidogo tu. Ikiwa bado inavuta, makali yameisha. Badilisha kitana na kisu. Skrubu haiwezi kurudisha makali.

HABARI YA STIMA

Stima ya Kenya ni volti 240. Mashine nyingi za aina hii hula wati 200 mpaka 350, kwa hivyo sola ndogo ya taa haiwezi kuiendesha. Mahali ambapo stima haijafika, jenereta ndogo ya kilowati 1 hutosha. Waya wa kuongezea ukunjue wote, maana ukiachwa umeviringika unaweza kupata moto. Usiruhusu kondoo aukanyage. Ukitaka kufungua vyuma, usiishie kuzima swichi tu. Chomoa plagi kabisa.

MASHINE ISIBEBE UGONJWA

Mashine ya kikundi inatembea boma hadi boma. Kama haikusafishwa, inabeba upele kutoka kundi moja hadi lingine. Kuna pia ule ugonjwa wa majipu yenye usaha mzito kama jibini, chini ya taya au mbele ya bega. Jipu likipasuliwa na mashine, vijidudu huingia kwa kondoo wa pili kupitia kikwaruzo kidogo tu.

Kwa hivyo anza na kondoo wachanga, kisha wakubwa wazima. Mwenye majipu au upele awe wa mwisho. Kabla ya kwenda boma lingine, chomoa plagi, toa vyuma, visafishe na uvipake spiriti. Vikikauka vitie mafuta. Spiriti hushika moto upesi, kwa hivyo isikaribie mashine inayofanya kazi wala jiko. Kondoo aliyekatwa apakwe dawa ya kidonda siku hiyo hiyo. Na usiku wa baridi, kondoo waliotoka kunyolewa wapate mahali pa kujikinga na upepo.

BAADA YA KAZI

Chomoa plagi. Toa kitana na kisu, vipige brashi, vioshe kwa mafuta ya taa mbali na moto, vikaushe, kisha vipake mafuta na kuvifunga kwa kitambaa. Mwili wa mashine upanguse kwa kitambaa kikavu; usiuoshe kwa maji. Legeza skrubu kabla ya kuiweka kwenye sanduku.

Kunoa si kazi ya tupa wala jiwe la kisu cha jikoni. Kitana na kisu vinatakiwa vinolewe vikiwa bapa kabisa, juu ya sahani maalumu inayozunguka. Kabla hujampa fundi, muulize ananoa vipi.

PESA NA DAFTARI

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Chagueni mtu mmoja wa kuitunza mashine. Kila inapotoka, aandike tarehe, aliyeichukua, idadi ya kondoo na hali iliporudi. Tuseme kila mwenye kondoo anatoa shilingi 20 kwa kila mmoja. Kondoo 300 wataleta shilingi 6,000. Pesa hizo ziwekwe kando kwa mafuta, kunoa na vyuma vipya, zisiguswe kwa chai ya mkutano.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayeitunza mashine, na sanduku lake liko wapi?
2. Mwanachama akiirudisha ikiwa chafu, tutafanya nini bila kuvunja udugu?
3. Boma lenye upele likiomba mashine, tutaisafishaje kabla haijaenda kwingine?
4. Makali yakiisha leo, tuna pesa ya kununua mengine?