Samaki wa Kwanza katika Tangi la Maji ya Bahari

Tangu Chama chetu cha Sayansi kilipoweka tangi la samaki wa baharini katika chumba cha baiolojia, wenzangu wengi wameniuliza swali moja: ni samaki gani afaaye kuanza naye? Siku ya wazazi nao wazee wawili waliniuliza hilo hilo, nami sikupata nafasi ya kuwaeleza sawasawa. Basi nimeonelea vema nijibu hapa. Tena ninayo sababu nyingine ya kuandika. Samaki wanne wa kwanza walikufa mikononi mwangu mimi, katibu wa chama, katika siku tisa tu, na sipendi mtu mwingine arudie kosa lile.

Tangi letu lina urefu wa sentimita 100, upana 40 na kina 50, yaani lita 200 likijaa pomoni. Sisi tulitia lita 180 za maji ya bahari, yaliyotekwa mbali na mdomo wa mto wakati maji yamejaa. Siku ya pili yake tukatia vipepeo watatu na kangaja mmoja mdogo, wote wazuri wa kutazama. Maji yalikuwa meupe kama kioo. Siku ya nne samaki walianza kupanda juu na kuhema, na mashavu yao yakawa mekundu. Kipepeo wa mwisho alikufa Jumamosi, nasi tulikuwa hatujamwona akila hata mara moja.

Maji yale yalikuwa na kasoro isiyoonekana kwa macho. Samaki hutoa amonia, hasa kwa mashavu yake, na chakula kilichooza hutoa amonia pia. Amonia ni sumu. Baharini huchukuliwa na maji mengi, na wako bakteria wa kuigeuza. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo, na hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao hukaa juu ya mawe, mchanga na vichujio. Katika tangi jipya hawajawa wengi. Huchukua majuma manne hadi sita kuongezeka vya kutosha, wala hapana njia ya kuwaharakisha kwa kuwa na hamu.

Tulipotaka kuanza upya, mtu mmoja mwenye uzoefu alitushauri tutie samaki wagumu, ili wao ndio wavumilie sumu mpaka maji yapevuke. Tulifuata shauri lake. Tukapata Dascyllus trimaculatus wawili, samaki weusi wenye madoa meupe, ambao wakiwa wachanga huonekana sana katika matumbawe yetu. Kweli hawakufa. Lakini walihema mbiombio kwa majuma mawili, nami kila asubuhi nilipoingia darasani niliona aibu kuwatazama. Na walipopona wakawa ndio wenye nyumba. Kila mgeni tuliyemleta walimtafuna mapezi. Ilitubidi kutoa mawe yote ili kuwakamata, tukawahamisha katika tangi dogo, na wamo humo hadi leo.

Kwa hiyo rai yangu ni tofauti na ya yule mshauri. Uvumilivu wa samaki ni akiba ya kumwokoa siku mwanafunzi atakapokosea, nayo isitumiwe yote mwanzoni kwa kupevushia maji. Safari ya tatu tulitia mawe na mchanga, tukawasha pampu, kisha tukatupia kipande cha kamba mbichi, kioze. Amonia ilipanda, ikashuka; nitriti ikapanda, ikashuka. Tulipima kila siku ya tatu. Wiki ya sita vyote viwili vilikuwa sifuri, na hapo ndipo tulipoanza kuzungumza habari za samaki.

Sasa, mgumu ni nani? Jibu nililipata kwa babu yangu mmoja ambaye amevua kwa madema maisha yake yote. Nilimwendea na daftari langu, nikamwamkia, nikamwuliza ni samaki yupi asiyekufa upesi. Akacheka. Akaniambia, "Mjukuu wangu, usiniulize jina. Uliza anakaa wapi." Akanipeleka mwambani wakati wa bamvua, maji yamekupwa, jua la saa tano. Tukasimama juu ya kidimbwi kidogo kisichozidi karai. Kipimajoto changu kilionyesha nyuzi 34, na bahari ya nje ilikuwa nyuzi 28. Ndani ya kidimbwi walikuwamo samaki wadogo wa rangi ya mchanga, wametulia kana kwamba hapana jambo. Jua likiwaka, maji yale huzidi joto na chumvi; mvua ikinyesha, chumvi hupungua ghafla; na baada ya saa chache bahari hurudi. Samaki aliyezoea mageuzi hayo hatauawa na kosa dogo la mwanafunzi. Lakini samaki wa mwamba wa nje, ambako maji hayabadiliki sana mwaka mzima, hajafunzwa hayo.

Wale wa rangi ya mchanga ni jamii ya Bathygobius. Si wazuri sana, nakiri. Lakini hula karibu kila kitu: vipande vya kamba, vya chaza, hata chakula kikavu. Wawili wanatosha. Katika vidimbwi hivyo hivyo wako pia jamii ya Istiblennius, warukao kutoka shimo hadi shimo. Hao hukwangua mwani juu ya mawe, basi ukiwatia katika tangi jipya lisilo na mwani watakonda. Wasubiri mpaka mawe yaanze kuwa ya kijani. Na bila kifuniko utawaokota sakafuni.

Mpenda rangi namshauri Amphiprion akallopisos, samaki wa rangi ya chungwa iliyofifia, mwenye mstari mweupe mgongoni toka kichwani hadi mkiani. Baharini hukaa maisha yake yote karibu na anemoni mmoja, yule mnyama afananaye na ua ambaye mikono yake huchoma. Kwa hiyo hahitaji nafasi kubwa. Tangini aweza kuishi bila anemoni, na afadhali iwe hivyo, kwani anemoni hutaka mwanga mkali, na akifa huharibu maji yote. Chukua mkubwa mmoja na mdogo mmoja. Samaki hawa wote huanza wakiwa madume. Aliye mkubwa ndiye hugeuka jike, na wakubwa wawili watapigana. Vitabu vya ng'ambo husifu zaidi Amphiprion ocellaris, ambaye huzalishwa sana katika matangi huko. Huyo si wa pwani yetu.

Vipepeo waacheni, wengi wao hula matumbawe yaliyo hai. Bunju, mkunga na chewa wachanga pia waacheni, kwani chewa wa leo kama kidole kesho atawala wenziwe.

Kabla ya kumchukua samaki kwa mtu yeyote, omba alishwe mbele yako. Asiyekula, usimchukue, hata ukipewa bure. Ukifika naye, acha mfuko uelee tangini, uongeze maji ya tangi kidogo kidogo kwa muda wa saa moja. Kisha ngoja majuma mawili kabla ya kuleta mwingine, ili bakteria wapate kulingana na kazi yao.

Nimesahau chumvi. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi katika lita moja. Basi lita zetu 180 zina kilo 6.3. Maji yakikauka, chumvi hubaki. Lita 18 zikitoweka, kila lita iliyobaki itakuwa na gramu 38.9. Kwa hiyo kufidia maji yaliyokauka tunatia maji baridi yasiyo na dawa, wala si ya bahari. Kidato cha Kwanza hukosea hapa kila mara. Umeme ukikatika, wawili wa zamu huteka maji kwa kikombe na kuyamimina toka juu, ili hewa iingie.

Jambo moja kwa wenzetu wa Tanga na Pangani: sehemu ya bahari yenu ni Hifadhi ya Silikanti tangu mwaka 2009, basi muulize kwanza ofisi ya hifadhi kabla ya kuchukua hata samaki mmoja. Sisi tuliomba ruhusa ya ofisi ya uvuvi, na barua yake imebandikwa ukutani.

Tangi hutazamwa Jumanne na Alhamisi baada ya masomo. Akallopisos wawili wako upande wa dirisha. Bathygobius mtawatafuta, wako chini ya jiwe la kushoto, na hutoka mtu akisimama kimya dakika tano.