Mtego wa Waya Hauchagui

Mwindaji halali hutakiwa kuchagua: mnyama wa aina iliyotajwa katika leseni yake, asiye na mimba wala mtoto. Mtego wa waya hauchagui. Ukitegwa kwenye njia ya maji humnasa kuro dume, tohe mwenye mimba na hata ndama wa tembo. Jangili asiporudi, huendelea kuua.

Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, na uwindaji humo umekatazwa. Aonaye kitanzi na awaarifu askari wa hifadhi upesi, hata kama mtegaji ni jirani. Tembo hubeba mimba miezi 22. Auawaye usiku mmoja hafidiwi kwa mwaka mmoja.