Umemripoti Mwajiri, Sasa Wanakutafutia Kosa

Mwajiri anayelipiza kisasi haandiki kwenye barua kwamba anakufukuza kwa sababu ulikwenda OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, kusema mashine haina kinga. Anaandika utoro, uchochezi, lugha chafu kwa kiongozi, au "kupunguza wafanyakazi", na anayepunguzwa ni wewe peke yako. Ndiyo maana kesi hizi mara nyingi huamuliwa na mpangilio wa tarehe: malalamiko yako yaliandikwa lini, na kosa lako "likagunduliwa" lini. Hatua zilizo hapa chini zinahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira Na. 11 ya 2005 na taratibu zake.

Hatua ya kwanza: kusanya karatasi kabla hujafungua mdomo

Tafuta mkataba wako, hati za mshahara na taarifa ya michango yako kwenye Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF). Wengi hugundua hapo tu kwamba makato yanafanyika kila mwezi lakini fedha hazifiki kwenye Mfuko. Kisha nunua daftari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Dai la saa za ziada lisilo na kumbukumbu ni maneno matupu. Andika siku hiyohiyo: "Jumanne, zamu ya usiku. Nimeingia saa 12 jioni, nimetoka saa 1 asubuhi. Mkanda wa mashine ya pili bado uko wazi. Nimemwambia msimamizi, fulani na fulani wakiwepo."

Hifadhi kilicho chako. Usibebe mafaili ya kampuni wala kupiga picha mishahara ya wenzako, maana hapo utakuwa umewapa kosa la wizi au kutoa siri, na watashukuru.

Hatua ya pili: lalamika kwa maandishi

Kumweleza msimamizi kwa mdomo ni uungwana, lakini mdomo hauna tarehe. Andika barua fupi isiyo na matusi wala historia ya maisha: tatizo ni nini, liko wapi, tangu lini, unaomba nini. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Masjala wakikataa kugonga, tuma kwa baruapepe, au kwa WhatsApp kwa msimamizi wako. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa namna hiyo unaweza kupokelewa kama ushahidi, mradi usiufute na usibadilishe simu bila kuuhifadhi kwingine.

Kama wenzako wako tayari, sainini wengi. Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, barua ipitie huko. Mtu mmoja ni rahisi kumwita mkorofi. Watu 14 wa zamu moja ni vigumu.

Hatua ya tatu: chagua mlango

Usalama na afya ni kazi ya OSHA, Wakala unaosimamia sheria ya mwaka 2003. Mishahara, saa za ziada, likizo na mikataba ni kwa afisa kazi wa eneo lako. Huyu ana mamlaka ya kuingia sehemu ya kazi, kukagua kumbukumbu na kumpa mwajiri amri ya utekelezaji. Mwombe asitaje jina lako. Mkataba Na. 81 wa ILO wa 1947, ambao Tanzania imeuridhia, unamtaka mkaguzi kuficha kabisa chanzo cha malalamiko na kutomdokeza mwajiri kwamba ukaguzi umetokana na mtu kulalamika. Lakini usijidanganye: kama boila ina wahudumu wawili, mwajiri hahitaji kuambiwa jina.

Instagramu si mlango. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka husika. Anayeanza na mtandao au gazeti anajiweka nje ya ulinzi huo, hata kama kila alichosema ni kweli.

Hatua ya nne: kitambue kisasi kinapoanza

Unahamishiwa zamu ya usiku bila sababu. Saa za ziada wanapewa wengine. Barua za onyo zinaanza kuja kwa mtu ambaye faili lake lilikuwa safi miaka yote. Zipokee. Saini "nimepokea, sikubaliani na yaliyomo", weka tarehe, kisha ujibu ndani ya muda uliopewa.

Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu, angalia saa. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinasema muda wa kujiandaa kwa kawaida usipungue saa 48, na una haki ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako. Barua inayokufikia Ijumaa saa 10 jioni ikikutaka kikaoni Jumamosi asubuhi imeshaharibika yenyewe. Hata hivyo nenda, na useme kikaoni kwamba hukupewa muda, liandikwe.

Wanaoumia zaidi ni vibarua. Kibarua hafukuzwi. Asubuhi msimamizi anasimama getini, ananyoosha kidole kwa huyu na yule, na kidole kinamruka yule aliyeuliza habari za glavu. Akilalamika, anaambiwa hakuwahi kuajiriwa. Jibu lipo katika Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004: aliyemfanyia mtu kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha malipo ya kila wiki kutoka namba ileile utakusaidia sana hapa.

Hatua ya tano: usiandike barua ya kuacha kazi

Huu ndio mtego unaonasa wengi. Unaitwa ofisini, unaongeleshwa kwa upole: "Ndugu yangu, tusiharibiane. Andika mwenyewe kwamba umeacha, tukupe chako leo." Ukiandika, kesi inageuka. Sheria inakubali kwamba mwajiri anaweza kuifanya ajira isivumilike hadi mtu akaondoka, na kuondoka huko kukahesabiwa kuwa ameachishwa, lakini sasa mzigo wa kuthibitisha hilo ni wako. Ukiachishwa na wao, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba sababu na utaratibu vilikuwa halali. Kumwachisha mtu kwa kutoa taarifa ambayo sheria inamruhusu kuitoa, au kwa kutumia haki yake, si sababu halali. Waambie utafikiri, uondoke na kalamu yako. Na usikae nyumbani bila ruhusa kwa hasira. Huo ndio utoro waliokuwa wakiusubiri.

Hatua ya sita: CMA, na kalenda

Ukiachishwa, una siku 30 kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Madai mengine, kama mishahara ambayo haijalipwa, yana siku 60. Jaza fomu ya CMA F.1, mpe mwajiri nakala kwanza na upeleke uthibitisho kwamba ameipokea. Fomu ina sehemu maalumu ya walioachishwa kazi. Ukiichanganya hovyo na madai ya kuvunjwa kwa mkataba, mwajiri atashambulia fomu kabla hata ya kujibu hoja. Uliye chini ya miezi sita kazini, au mwenye mkataba wa muda maalumu, muulize mtu wa chama au wakili kabla ya kuweka alama ya vema, kwa sababu njia yako inaweza kuwa tofauti.

Usuluhishi huchukua hadi siku 30. Usikose siku ya kuitwa; lalamiko linaweza kufutwa kwa utoro wako. Mkipatana, soma kila mstari kabla ya saini, hasa ule unaosema huna dai lingine lolote, kwani makubaliano hayo hutekelezwa kama hukumu. Msipopatana, mgogoro unakwenda kwa mwamuzi, na hapo daftari lako, barua yenye muhuri na tarehe ya onyo la kwanza vitawekwa mezani pamoja.

Ukichelewa, unaweza kuomba kuongezewa muda, ila utatakiwa kueleza sababu ya kuchelewa, na "nilikuwa nasubiri HR wanipigie" haijawahi kuwa sababu nzuri. Chukua barua yako ya kuachishwa sasa hivi, soma tarehe, uhesabu.