SOMO: KASI YA FENI NA UMEME WA NYUMBANI



Kila yuniti ya Cash Power tunayonunua kwa REGIDESO ni jasho letu. Basi tupige hesabu.

Feni ya dari ya wati 75, ikizunguka kwa kasi ya mwisho saa 8 kwa siku, hula wati 75 × 8 = 600, yaani yuniti 0.6. Kwa siku 30 ni yuniti 18.

Je, tukipunguza kasi tunaokoa? Hutegemea swichi. Swichi ya zamani huzuia umeme kwa waya unaopata moto. Moto huo nao tunaulipia, kwa hiyo faida ni ndogo. Swichi ya kapasita haipotezi hivyo. Kwake kasi ndogo huokoa kweli. Tumwulize fundi kabla ya kununua.

Tukumbuke pia: feni haipozi chumba, hupoza mwili wenye jasho. Mtu akitoka, izimwe. Sisi wa Gitega na Muyinga tuko milimani. Usiku wa baridi hauhitaji feni.

Zoezi: Feni ya wati 60, saa 5 kwa siku, hula yuniti ngapi kwa siku 30? (Jibu: 9.)

Tusomeshane, ndugu. Yuniti iliyookolewa ni daftari la mtoto.