Aina za Protini katika Maziwa ya Ng'ombe wa Kienyeji na Ng'ombe Chotara
Somo kwa wafugaji wa Dimani, Kibiti na delta ya Rufiji

1. Sababu ya somo hili. Tangu mwaka 2006 na 2007, wafugaji wengi waliotoka bonde la Usangu walihamia nchi ya Rufiji na kusini yake pamoja na makundi yao. Siku hizi watu wengi hutaka ng'ombe chotara ili wapate maziwa zaidi. Tena huja habari kwamba maziwa ya aina fulani ni bora kuliko mengine. Yafaa mfugaji ajue ukweli wa jambo hili kabla hajauza ng'ombe wake au kununua fahali.

2. Protini ni nini. Protini ni sehemu ya maziwa inayojenga mwili. Katika kila sehemu 10 za protini ya maziwa ya ng'ombe, kama 8 huitwa kazeini, nayo ndiyo hugandisha mtindi na jibini. Kazeini zina namna kadhaa. Moja huitwa beta-kazeini. Ifikirie kama uzi wa ushanga wenye shanga 209. Katika ng'ombe wa aina A2, ushanga wa 67 ni prolini; katika aina A1 ni histidini. Tofauti kuu ya aina hizi mbili ni ushanga huo mmoja.

3. Ng'ombe gani ana aina gani. Ng'ombe wetu wenye nundu, yaani zebu, karibu wote ni wa A2. Aina ya A1 ilitokea katika ng'ombe wa Ulaya wasio na nundu. Friesian na Ayrshire wana A1 na A2 pia. Guernsey wengi ni A2. Ng'ombe wa Mpwapwa, waliotengenezwa katika kituo cha Mpwapwa, wana damu nyingi ya wenye nundu, kama Sahiwal, Red Sindhi, Boran na ng'ombe wa kienyeji, na sehemu ndogo tu ya damu ya Ulaya.

4. Jinsi ndama anavyorithi. Kila ng'ombe ana chembe mbili za urithi kwa protini hii: moja ya baba, moja ya mama. Jike wa kienyeji mwenye A2 mbili:
(a) akipandwa na fahali mwenye A1 mbili, ndama wote watakuwa na A1 na A2;
(b) akipandwa na fahali mwenye A1 moja na A2 moja, kwa kadiri nusu ya ndama watakuwa na A2 mbili;
(c) akipandwa na fahali mwenye A2 mbili, ndama wote watakuwa na A2 mbili.
Mtamba mwenye A1 na A2 atatoa protini zote mbili katika maziwa yake. Basi anayebadili kundi ni fahali.

5. Usidanganyike. Aina hizi hazijulikani kwa rangi, kwa pembe wala kwa ladha ya maziwa. Hujulikana kwa kupima nywele za mkia au damu katika maabara. Watu wengine husema A1 huleta maradhi. Mwaka 2009 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilichunguza habari hizo, na haikuona kuwa imethibitika hivyo. Tena maziwa ya A2 yana sukari ya maziwa sawasawa na mengine, wala hayamfai mtu ambaye mwili wake hukataa protini ya maziwa. Maziwa yote yachemshwe kabla ya kunywewa.

6. Kazeini nyingine. Iko pia kapa-kazeini, yenye aina A na B. Aina B hugandisha jibini upesi na kwa uthabiti zaidi. Jersey wanajulikana kwa aina hii. Lakini kwa mtindi wa nyumbani, usafi wa mikono na vyombo una faida kubwa kuliko aina ya kapa-kazeini.

7. Linalopasa kutangulia. Ng'ombe wa Ulaya na chotara wenye damu nyingi ya Ulaya hudhoofika upesi kwa ndorobo, inayoletwa na mbung'o, na kwa ndigana kali, inayoletwa na kupe. Maradhi haya yako katika nchi yetu. Maziwa ya aina yo yote hayana faida ikiwa ng'ombe amekufa.

8. Mashauri.
Usiuze majike wako wote wa kienyeji. Wao ndio akiba ya A2 na ya ustahimilivu.
Ukitaka chotara, anza na ndama mmoja au wawili, uone kama utaweza kuwalisha na kuwaogesha dawa ya kupe.
Ukitumia mbegu ya chupa, mwambie Afisa Mifugo akuonyeshe maandishi ya fahali: mara nyingi aina ya beta-kazeini huandikwa humo.
Andika katika daftari baba na mama wa kila ndama, na maziwa ya kila siku.

Mfugaji anayeandika hivi hatahitaji kuamini maneno ya mchuuzi. Daftari lake litamwambia.