Mzigo wa Iringa na Mbeya: Usihesabu Kilomita, Hesabu Sehemu Zinazokwamisha

Wauzaji wenzangu, mteja wa Mbeya akikuuliza "mzigo utafika lini?", usimjibu "kesho" kwa sababu tu gari linatoka leo. Dar hadi Iringa ni kilomita 500 hivi, hadi Mbeya kama 830. Kilomita zenyewe hazina neno. Kuna sehemu chache ambazo kila gari lazima lipite, na hapo ndipo ahadi zetu zinapofia. Mimi natuma madera na vyombo kutoka Kariakoo kuja huku Nyanda za Juu, na bei na tarehe zangu nazipanga kwa kuangalia sehemu hizo.

Ya kwanza ni kutoka Dar kwenyewe. Njia nane za Kimara mpaka Kibaha na daraja la Kijazi pale Ubungo vimesaidia sana, ila gari likitoka Kariakoo kati ya saa 10 jioni na saa 2 usiku linabanana na watu wote wanaorudi Mbezi. Ofisi ya mizigo usiiulize "gari linaondoka saa ngapi?" Utajibiwa "jioni hii" kila siku. Uliza limejaa kiasi gani. Fuso likiwa nusu, mimi naongeza siku moja.

Barabara hii haina geti la kulipia kama Daraja la Nyerere la Kigamboni (mwenye wateja Kigamboni, tozo hiyo iingie kwenye bei yako). Ina mizani: Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako. Tangu Machi 2019 inatumika sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, na gari lililozidisha linazuiwa. Boksi lako la kilo 20 halina kosa lolote, lakini limo humo humo.

Halafu Kitonga. Ukishapita Ruaha Mbuyuni unaanza kupanda: upande huu mwamba, upande ule korongo, kona juu ya kona. Lori moja likiharibika katikati, wa juu hawashuki na wa chini hawapandi, na yanaweza kuwa masaa mengi. Njia ya kuzunguka ipo, kupitia Dodoma na Mtera, ila kutoka Morogoro inaongeza kama kilomita 200, na gari lililokwisha kufika Mikumi haliwezi kurudi nyuma kirahisi. Kwa hiyo ukisikia Kitonga imefunga, swali la kumuuliza dereva ni moja: umeshapita Morogoro?

Mwaka jana dada mmoja wa Iringa aliagiza madera 24, sare za send-off ya Jumamosi. Alitaka yaje na lori la Alhamisi kwa sababu nauli ya basi ilikuwa karibu mara tatu. Nikamwambia, dada, sherehe haina kesho yake, tugawane hiyo tofauti. Yakapanda basi Jumatano. Lile lori la Alhamisi lilikaa Kitonga mpaka Ijumaa usiku. Faida yangu ilipungua, ni kweli, lakini hakuna pesa ya kurudisha, na mashoga zake watatu wameshaagiza.

Iringa ina jambo lake: mji uko juu, barabara kuu inapita chini. Basi la Mbeya litashusha mzigo Igumbilo au Ipogolo, kwa hiyo bodaboda ya kupandisha mjini mkubaliane mapema nani analipa. Na tangu mabasi ya usiku yaruhusiwe Oktoba 2023, mzigo unaweza kushushwa saa 8 usiku. Hakikisha namba uliyoandika kwenye boksi ni ya mtu atakayepokea simu.

Mbeya foleni iko mjini. Kutoka Uyole, Mafiati, Kabwe mpaka Mbalizi, malori ya Zambia na Kongo yanatumia barabara ile ile ya daladala na bajaji. Mteja achukue stendi ya Nane Nane, kabla basi halijaingia kwenye msongamano, hasa jioni.

Wanaoshusha mchele Dar, hesabu inageuka: gari lipite Kibaha kabla ya saa 11 alfajiri, la sivyo linaingia mjini pamoja na wanaokwenda kazini.

Ujumbe ninaomtumia mteja ni huu, unaweza kuuchukua: "Mzigo umetoka Dar leo usiku. Ukishapita Kitonga nitakupigia, ndipo nitakwambia saa ya kwenda kuuchukua."